Kwa Nini Shangazi Kaluki Hakula kwa Mutanu

Shangazi yangu Kaluki hula mara tano kwa siku, na hakuna hata mara moja anapoinuka akiwa ameshiba. Nilipofika kwake Mbumbuni mwanzoni mwa likizo ya Agosti, nilishangaa jinsi anavyoshika saa. Saa moja asubuhi, kikombe cha uji wa wimbi usiochacha. Saa nne, kipande cha papai. Saa saba, muthokoi, yale mahindi yanayotwangwa kwenye kinu mpaka maganda yote yatoke, yakapikwa mpaka yanalainika kabisa. Saa kumi, boga la kuchemsha. Jioni, ugali kidogo na ndengu. Pilipili hakuna. Chai ya rangi hakuna, na huyu ni mtu aliyekuwa akinywa chai ya rangi kama ng'ombe wa Tseikuru anavyokunywa maji akifika kisimani.

"Shangazi, hii ni daeti?" nilimtania.

"Daeti ni ya watu wa Nairobi. Mimi nafuata amri."

Amri ilitoka Mwingi, kwetu. Mwezi wa Julai Shangazi alikuja akawaambia watu wa Mbumbuni kwamba anaenda kumwona kaka yake, yaani baba yangu. Ukweli ni kwamba alikuwa anatafuta daktari mahali ambapo hakuna jirani atakayemwona akitoka mlangoni. Kwa miezi mingi tumbo lilikuwa linamchoma chini ya kifua, hasa akiwa na njaa, na alikuwa amekonda mpaka pete ya ndoa ikahamia kidole cha kati. Daktari wa kliniki, mama mmoja wa Kiislamu anayeitwa Nasreen, mwenye sauti ndogo na maswali mengi, alimtuma Kitui akapigwe picha kwa kamera nyembamba inayoingizwa kooni. Majibu yalipotoka mimi ndiye niliyemsindikiza, kwa sababu baba alikuwa kazini na shule ilikuwa imetupa siku mbili za mapumziko.

Niliiona ile picha. Sikujua kwamba mtu anaweza kuonyeshwa ndani yake hivihivi, kama picha ya harusi. Palikuwa pekundu na panang'aa, na katikati kidonda cheupe kama punje ya mbaazi.

"Vipimo vinasema huna wale bakteria wanaoleta vidonda vya tumbo," Nasreen alisema. "Kwa hivyo kuna kitu kingine. Unakunywa dawa gani?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna, daktari."

"Za maumivu je? Za kichwa, za mgongo?"

"Aa, hizo!" Shangazi alicheka. "Hizo si dawa. Hizo ni za mgongo tu."

Nasreen aliweka kalamu chini. "Unameza ngapi?"

"Mbili. Siku za mwethya, tukienda kuchimba."

"Kabla ya kula ama baada?"

"Kabla. Nani anakula saa kumi na mbili asubuhi?"

"Kwa miaka mingapi?"

Shangazi alihesabu kwa vidole, akakosea, akaanza tena. "Mitatu. Hapana, minne."

Nasreen alimweleza polepole, na mimi nikasikiliza kuliko ninavyosikiliza darasani. Tumbo lina asidi ya kusaga chakula, na lina utando wa kujikinga nayo. Zile tembe za mgongo hupunguza huo utando, na asidi ikipata njia inakula ukuta wa tumbo lenyewe. Kwa hivyo tembe ziachwe kabisa. Akampa dawa ya kupunguza asidi, ya kumezwa kila asubuhi kabla ya uji kwa wiki nane. Damu yake ilikuwa chini, kwa hivyo akampa pia vidonge vya madini ya chuma, avimeze pamoja na chakula kwa sababu navyo vinaweza kusumbua tumbo. Ale kidogo kidogo na mara nyingi. Chakula peke yake hakifungi kidonda, alisema, lakini kuna chakula kinachokiacha kipumzike na kuna kinachokichokoza, na kila tumbo lina maadui wake. Ajichunguze mwenyewe.

Hapo Shangazi akatoa kwenye mkoba kopo la unga wa kijani. Alikuwa amelinunua kwa mtu wa kipaza sauti siku ya soko, aliyesema unaosha tumbo na kufunga vidonda kwa siku saba.

Nasreen aliligeuza kopo pande zote. "Wameandika kila kitu isipokuwa kilichomo ndani. Sijui hii ni nini, mama, na nisichokijua siwezi kukwambia ule. Wacha tu."

Akamwonya pia: ukitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyohiyo. Onyo hilo lilituletea shida. Baada ya siku tano Shangazi alimpigia baba simu akimwaga kama mtu anayekufa, maana choo kilikuwa cheusi. Baba naye akampigia Nasreen papo hapo. Kumbe vidonge vya chuma hufanya choo kiwe na rangi nyeusi. Hata hivyo Nasreen alisema asikisie, apimwe damu tena. Akaenda mjini Wote, akapimwa, damu ikawa imepanda kidogo. "Kumbe nimewasamehe bure wote mliokuwa mmenikosea," Shangazi alimwambia baba.

Hivyo ndivyo nilivyomkuta Agosti. Maumivu yalikuwa yamepungua, mashavu yameanza kurudi. Lakini alikuwa na jambo jingine lililomkosesha raha, na hilo halikuwa la daktari.

Shamba la Shangazi liko kwenye mteremko. Novemba iliyopita mvua ya kwanza ilishuka na mbegu zake zote. Ndengu alizopanda kwa siku mbili alizikuta zimelala barabarani pale chini, pamoja na udongo. Dawa ya shamba kama hilo ni matuta, mtaro mrefu unaochimbwa kukata mteremko na udongo ukitupwa juu ili maji yasimame. Mtu mmoja na jembe lake hawezi kuyamaliza. Ndiyo maana kuna mwethya. Wanawake kumi na saba wa kijiji wanachimba pamoja, Jumanne na Alhamisi, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kwa zamu. Zamu ya Shangazi ilikuwa Jumanne ya mwisho ya Agosti. Ikimpita, mvua ingefika kabla ya majembe.

Hakuna mtu anayelipwa katika mwethya. Mwenye shamba anapika, na nyinyi mnakula. Na hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Kwetu Ukambani kukataa chakula cha mtu ni kusema neno kubwa bila kufungua mdomo. Hata ukisema umeshiba, watu husikia: naogopa mkono wako, huenda umeniwekea kitu.

Kiongozi wa mwethya ni Mutanu, mama wa miaka sitini hivi, mwenye kioski cha sabuni na sukari. Siku za kuchimba yeye ndiye hufika wa kwanza. Anasimama kwenye mwanzo wa mtaro na karatasi ya tembe, anampa kila mtu mbili kama pasta anavyogawa meza ya Bwana, na chai ya rangi kwenye jagi. Hachukui hata shilingi. Ni huruma yake. Tembe ni za kioski chake na migongo ni ya wenzake.

Shangazi alikuwa amejifunza kuzipokea, kusema asante, na kuzidondosha kwenye mfuko wa aproni. Hilo halikuonekana. Chakula ndicho kilichoonekana.

Alhamisi ya kwanza ya likizo tulikuwa kwa Mutanu mwenyewe. Alikuwa amepika isyo, mahindi na maharagwe pamoja na maganda yake, yamekaangwa kwa mafuta mengi, nyanya nyingi na pilipili ya kukohoza. Shangazi alikuwa amekwisha kujichunguza, na isyo ya namna hiyo ilikuwa adui yake nambari moja.

"Mama Mulei, hii chakula yangu ina nini?" Mutanu aliuliza alipoona sahani haiguswi. Mulei ni mtoto wa kwanza wa Shangazi.

"Haina kitu, mwaitu," Shangazi alisema, akimwita mama kwa Kikamba. "Nimeshiba tu."

"Umeshiba na umechimba tangu saa kumi na mbili?"

"Nilikula uji nyumbani."

"Uji gani huo? Wa saruji?"

Watu walicheka, na kama mambo yangeishia hapo yangekuwa sawa. Lakini Shangazi alikuwa amebeba muthokoi wake kutoka nyumbani kwenye kontena ndogo, na tumbo likimwuma akaenda nyuma ya ghala kula. Mutindi, mwanamke mwenye ulimi mrefu kuliko mpini wa jembe, akamkuta hukohuko.

Jumamosi nilisimama kwenye foleni ya kioski cha maji na Shangazi. Mutindi alikuwa mbele yetu, anaongea na mtungi wake.

"Siku hizi tuna watoto wa nasari kwa mwethya. Wanakuja na chakula kutoka kwao."

"Mutindi, sema na mimi," Shangazi alisema.

"Kwani nimesema wewe? Mimi nauliza tu. Kwa Mutanu kuna kitu kwa sufuria? Kama kuna, tuambie, sisi tulikula mpaka tukaramba."

Tukirudi nilimwuliza Shangazi swali lililokuwa linaniwasha. Si aseme tu kwamba ana alsa?

Alitembea kidogo kabla ya kujibu. "Hapa ukisema alsa, hakuna mtu atakuuliza umekula nini. Watakuuliza bwana yako amefanya nini." Watu wanaamini vidonda vya tumbo ni ugonjwa wa mawazo, na mume wake, Mutunga, ni bawabu Athi River na huja mara moja kwa mwezi. "Kufika jioni, Mutunga atakuwa na mke mwingine na watoto watatu. Na yeye masikini hata hajui."

"Basi sema ni tembe."

"Za nani?"

Hapo nikaelewa. Akiwaambia ni tembe, anamwambia Mutanu kwamba huruma yake imemtoboa mtu tumbo. Akinyamaza, amemwambia Mutanu ni mchawi. Nilijaribu kutafuta njia ya tatu mpaka tukafika nyumbani, hata nikasahau uzito wa mtungi, lakini sikuiona.

Jumanne iliyofuata ilikuwa zamu ya Mutindi. Shangazi aliamua kula. Alikula sahani nzima, pilipili na yote, anatabasamu, na Mutindi akiwa amesimama mbele yake kama msimamizi wa mtihani. Baada ya robo saa uso wake ukawa na rangi ya majivu. Alijikaza kufika kwenye ua wa minyaa, na hapo akatapika mbele ya watu wote. Nilikimbia kuangalia kama kuna damu. Haikuwepo. Siku mbili zilizofuata alikula uji peke yake, na Alhamisi hakuweza kwenda kuchimba.

Jioni ya Alhamisi salamu zikaja. Kikundi kimeona zamu ya Mama Mulei iende mwisho wa orodha. Mwisho wa orodha ni Novemba, mvua ikishafika.

Shangazi alitoka nje akaangalia shamba lake kwa muda mrefu. Hakulia wala hakumlaumu mtu. Kesho yake asubuhi alikunywa dawa yake, akasubiri, akanywa uji, akafunga leso, akaniambia, "Twende kwa Mutanu. Wewe utakuwa shahidi wa ile picha, hawa hawataamini mdomo wangu peke yake."

Mutanu alikuwa anachambua mbaazi kwenye uteo mbele ya kioski. Hakutukaribisha viti, kwa hivyo tukakalia kreti za soda.

"Mwaitu," Shangazi alianza, "mimi sikuogopa chakula yako."

"Uliogopa nini?"

"Nina kidonda ndani ya tumbo. Huyu mtoto amekiona."

Mutanu alinitazama. Nikasema ndiyo, nimekiona, ni kama mbaazi hii, nikamwonyesha moja kwenye uteo.

"Pole," Mutanu alisema, lakini kwa sauti ya mtu anayengoja. "Ni Mutunga?"

"Si Mutunga. Mutunga hana makosa, ila tu anakoroma." Shangazi alivuta pumzi. "Ni zile tembe za asubuhi. Daktari alisema ukizimeza bila chakula, miaka na miaka, zinakula tumbo. Na hata na chakula, mimi nisiziguse tena."

Vidole vya Mutanu vilisimama. "Unasema mimi nimekutoboa tumbo."

"Hapana. Wewe ulinipa mgongo wa kuchimba miaka minne. Kama si wewe ningeacha jembe zamani. Lakini mzigo ulibebwa na tumbo, na mimi sikujua, na wewe hukujua."

Lori lilipita barabarani, vumbi likatufikia na kuondoka. Mutanu alirudi kwenye mbaazi zake. Alitoa jiwe moja, akatoa lingine. Nilidhani atatufukuza.

"Hicho kidonda chako," akasema bila kuinua uso, "kinachoma hapa, chini ya kifua? Ukiwa na njaa?"

"Ndiyo."

"Ukikula kinanyamaza, halafu kinarudi?"

"Ndiyo, mwaitu."

"Hmm."

Hakusema ameyajuaje hayo, na Shangazi hakumwuliza. Alichofanya ni kuuliza kama yule daktari wa Mwingi ni mwanamke, na kama anaongea vizuri na watu, na gari la kwenda huko linatoka Wote saa ngapi. Kisha akasema, "Kesho si siku ya mwethya, lakini nitawaita. Wewe utasema mwenyewe. Mimi sitasemea mtu tumbo."

Walikutana Jumamosi saa nne nje ya kanisa, baada ya kufagia. Shangazi alisema yote tena, amesimama, mikono imeshika leso. Aliposema tembe, wanawake walitazamana. Mmoja akaingiza mkono mfukoni akautoa haraka. Mutindi ndiye aliyeanza.

"Kwa hivyo Mutunga hajaoa?"

"Bado. Ukitaka nikupeleke Athi River ukajaribu bahati."

Kicheko kilichotoka hapo kiliwafanya hata njiwa wa kanisani waruke. Mutindi alicheka pia, ingawa si sana. Bado alikuwa na uchungu wa isyo yake iliyomwagwa kwenye minyaa. "Ungesema," alimwambia Shangazi. "Ningekuchemshia hata kiazi. Umenifanya nimtazame mume wangu, aliyekula isyo hiyohiyo, nikidhani atakufa na yeye."

"Nisamehe. Nilikula ili usikasirike."

"Na nikakasirika."

Mutanu hakufanya hotuba. Alisema kwamba yeye hatagawa tembe tena, kwamba anayeumwa mgongo aende akaulize daktari kwanza, na kwamba kazi itaanza saa moja badala ya saa kumi na mbili ili kila mtu ale uji nyumbani. Baadhi walinung'unika. Jua la saa tano ni kali, walisema, na bila tembe mgongo wa nani utafika saa tano? Mutanu akasema hajui. Wataona. Kisha akauliza kama kuna mtu anayepinga zamu ya Mama Mulei irudi mahali pake. Hakuna aliyeinua mkono, na Mutindi alikuwa anajifunga kamba ya kiatu.

Kwa ajili ya Jumanne ya zamu yetu nilitwanga muthokoi tangu Jumatatu mchana mpaka viganja vikatoa malengelenge. Shangazi aliupika na ndengu na majani ya boga, chumvi kidogo, vitunguu kidogo, na pilipili akaiweka kando kwenye kisahani kwa wanaoitaka. Wanawake kumi na sita walikuja, pamoja naye kumi na saba. Walijipanga mstari kwenye mteremko, wakaanza na wimbo, na udongo mkavu ukaanza kuruka juu.

Kazi ilikwenda polepole kuliko kawaida. Hilo niliseme kama lilivyokuwa. Kila baada ya muda mmoja alisimama, akashika kiuno, akanyoosha mgongo huku anakunja uso. Walibuni kupokezana: anayechimba akichoka anachukua beleshi, wa beleshi anapumzika. Saa tano Mutanu alilala chali juu ya gunia katikati ya shamba, macho amefumba, akasema atakayemcheka atachimba peke yake. Hakuna aliyemcheka mpaka alipokoroma.

Walipokula, Mutindi alionja kijiko cha kwanza akasema hii ni chakula ya mgonjwa kabisa, akamwaga nusu ya kisahani cha pilipili kwenye sahani yake, akala, akaongeza. Shangazi alikaa katikati yao na sahani yake, anakula polepole kutoka sufuria ileile. Hakuna aliyemtazama mdomo.

Matuta yalikuwa sita. Kufika saa nane walikuwa wamemaliza matano, na la sita lilikuwa limechimbwa hatua kumi tu kutoka upande wa barabara. Zamani, na tembe, wangemaliza. Mutanu aliushika mwisho wa kamba ya kupimia, akatembea nayo mpaka kwenye mpaka wa shamba, akarudi.

"Hatua thelathini na mbili zimebaki," alisema. "Alhamisi tuko kwa mwingine, haiguswi. Ijumaa mimi naenda Mwingi kuona mtu. Jumamosi?"

"Jumamosi," wakasema.

"Mama Mulei, usipike. Kila mtu atakula kwake."

Shangazi alitaka kukataa, maana mwethya bila chakula haijawahi kusikika. Lakini walikuwa wameshaanza kuteremka na majembe begani, na Mutindi alikuwa anauliza kama muthokoi uliobaki una mwenyewe.